Sura ya 6: Habu Inayofunguka

“Nilinunua gurudumu la nyuma jipya. Masika hayajaisha, tayari linacheza kushoto kulia na ndani linasaga. Ipo habu isiyokufa?”

Haipo. Habu zote hufa. Zinatofautiana katika namna ya kufa, na katika jambo moja ambalo muuzaji hakuambii: kama fundi wa karibu nawe anaweza kuifungua, kubadilisha kilicholika na kuifunga tena ikiwa nzima. Mtu akiniuliza habu ipi ni imara kwa bei ya maana, huanzia hapo. Jina lililochorwa ubavuni tutalifikia baadaye.

Ili tusizungumze hewani, tutaipima habu mahali panapoitesa ipasavyo: Bugarama, juu ya Rumonge, kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Lakini tusichanganye. Burundi ina Bugarama nyingine huko Muramvya, kwenye njia panda ya Gitega na Kayanza, na barabara yake ndiyo ya zile picha maarufu za waendesha baiskeli wanaojishikiza nyuma ya malori kupanda kutoka Bujumbura. Yetu ni ile iliyoingizwa Rumonge mkoa huo ulipoundwa mwaka 2015.

Mlima unaoanzia ufukweni

Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa takriban mita 770 kutoka usawa wa bahari. Ukiupa mgongo ufukwe, tambarare ya Imbo inakwisha upesi, kisha milima ya Mumirwa inasimama mbele yako, na mgongo wa nchi unapita mita 2,000. Chini kabisa, kandokando ya maji, inapita barabara ya taifa namba 3, RN3, inayotoka Bujumbura hadi Rumonge, kama kilomita 75, na kuendelea hadi Nyanza-Lac. Baiskeli ya Bugarama inaishi kati ya vitu hivyo viwili: vumbi na mawe ya mlimani, na lami ya ziwani. Asubuhi inashuka na ndizi au mihogo, baadaye inapanda ikisukumwa.

Rumonge ni mji wa mawese na ndagala, na vyote viwili husafiri kwa baiskeli. Katika miaka hii ya 2020, petroli inapokosekana kila mara, baiskeli ndiyo chombo kisichopanga foleni kituoni. Wanyonzi, kama wanavyoitwa waendesha baiskeli za biashara Burundi, wanajua vizuri uzito ninaousema hapa, lakini tuupige hesabu. Lita moja ya mawese ina takriban gramu 900. Kidumu cha lita 20 ni kilo 18. Vidumu vinne ni kilo 72, sita ni kilo 108, na mwendeshaji hajapanda bado.

Sasa itazame baiskeli yenyewe. Nyingi za “mauntani” zinazofika kwetu ni za namna mbili: za mtumba kutoka Ulaya, na mpya za bei ya chini kutoka Asia. Aina zote mbili zilikusudiwa mtu mmoja na mkoba wake. Keria ikifungwa juu ya gurudumu la nyuma, mzigo karibu wote unaketi juu ya habu moja, ya nyuma, pamoja na zaidi ya nusu ya uzito wa mwendeshaji. Kwa hiyo sura hii inahusu zaidi habu ya nyuma. Ya mbele haina shida nyingi; chukua yoyote inayozunguka vizuri na inayotosha kwenye uma wako.

Vilivyomo ndani

Habu ni kitovu cha gurudumu, pale spoku zote zinapokutania. Katikati yake inapita ekseli, fimbo inayofungwa kwenye fremu na isiyozunguka. Ili habu izunguke juu ya fimbo iliyotulia, kati yao huwekwa gololi, yale madonge madogo ya chuma. Upande wa nje gololi hukaa ndani ya kikombe, kibakuli cha chuma kigumu kilichoshindiliwa kwenye habu. Upande wa ndani zinabanwa na koni, nati yenye uso wa mviringo inayosokotwa kwenye ekseli. Juu ya habu ya nyuma, kulia, kuna friwili: meno yanayovutwa na mnyororo, na yanayolia tik-tik-tik ukiacha kukanyaga.

Kwa ufupi: kikombe, gololi, koni, ekseli. Kati ya hivyo vinne, kikombe ndicho ambacho kwa kawaida hakibadilishiki. Kikipata mashimo, habu imekwisha. Vingine vitatu ni spea.

Ekseli hukatikia wapi?

Kwenye vibanda vya mafundi utasikia mazungumzo ya namna hii:

“Mzee, imekatika tena. Leo niwekee ya chuma kizima, hizi zenye tundu katikati ni uchafu.”

“Tundu halina kosa, kijana wangu. Tazama imekatikia wapi.”

Mzee yuko sahihi. Ekseli zenye tundu ni zile za baiskeli ambazo gurudumu lake hufunguliwa kwa wenzo wa mkono bila spana. Watu huziogopa kwa kuwa zina uwazi, lakini hesabu ya wahandisi inasema vingine: fimbo ya milimita 10 iliyotobolewa tundu la milimita 5 hupoteza kama asilimia 6 tu ya nguvu yake ya kupinga kupinda. Nyama ya katikati ya fimbo hufanya kazi ndogo sana. Ngozi ya nje ndiyo inayobeba. Kinachobadilisha mambo ni unene. Fimbo ya milimita 12 inaizidi ya milimita 10 kwa zaidi ya asilimia 70, ingawa kwa macho huoni tofauti ya maana. Na chuma chenyewe kina neno: ekseli laini hujikunja kimya kimya wiki nzima kabla ya kukatika.

Tazama sasa mahali pa mkato. Mara nyingi ni kulia, nyuma ya friwili, pale koni inapokaa. Sababu yake ni umbo la habu. Katika habu ya kizamani, friwili husokotwa kwa nje kama nati kubwa. Ikiwa ina meno ya gia saba, ni nene, na gololi za upande wa kulia zinalazimika kukaa ndani zaidi, nyuma yake. Kutoka kwenye gololi hizo hadi kwenye fremu ekseli inabaki bila msaada kwa kama sentimita nne, wakati upande wa kushoto haiachwi hata nusu ya hapo. Mtu anayekalia tawi la mwembe karibu na shina hana wasiwasi; akisogea kuelekea ncha, tawi lile lile linalia. Kila shimo la barabarani linaikunja ekseli kidogo hapo hapo, gurudumu linazunguka, linaikunja tena, hadi chuma kinachoka.

Dawa yake ilishapatikana zamani. Mwaka 1978 Shimano ya Japani ilianza kuuza habu ambayo kile kifaa cha tik-tik-tik ni sehemu ya habu yenyewe, na meno ya gia huvikwa juu yake. Meno hayo ya kuvika huitwa kaseti, basi nasi tuiite habu ya kaseti. Faida yake kubwa kwa mbeba mzigo haikuwa gia. Gololi za kulia zilihamia nje kabisa, karibu na fremu, na ule mkono mrefu wa ekseli ukatoweka.

Kuzitofautisha dukani ni rahisi hata kama husomi kilichoandikwa kwenye boksi. Ishike habu tupu, tazama upande wa kulia. Ukiona hesi pana za kusokotea, ni ya friwili. Ukiona silinda yenye mifereji ya urefu, inayozunguka upande mmoja na kukataa mwingine, ni ya kaseti. Ukitoa ushauri mmoja tu kwa mwenye baiskeli ya gia saba au nane anayebeba vidumu, toa huo: nenda kwenye kaseti.

Je, wale waliong'oa gia zote na kubaki na meno mamoja? Ni wengi, na wana akili. Gia zikikosa marekebisho ni kelele tu. Friwili ya meno mamoja ni nyembamba, kwa hiyo habu iliyotengenezwa kwa ajili yake huweka gololi karibu na fremu, na hiyo ni imara sana kwa bei yake. Ila kuna mtego. Ukisokota friwili nyembamba juu ya habu ile ile ya gia saba na kujaza washa ili mnyororo unyooke, umebadilisha meno tu. Gololi ziko palepale ndani, mkono mrefu uko palepale, na ekseli itakatika palepale.

Gololi za kumimina au beringi ya kufungwa?

Hapa ndipo mabishano yalipo, na kila upande una hoja.

Habu ya gololi za kumimina ndiyo tuliyoieleza: kikombe, gololi, koni. Habu ya beringi ya kufungwa ina pete mbili za chuma zenye gololi ndani, zimefungwa kiwandani, na beringi nzima hushindiliwa kwenye habu. Ikichakaa, unaing'oa na kuweka nyingine. Hakuna koni ya kurekebisha, hakuna kukisia kukaza.

Ya kwanza ina sifa ya kuelewana na fundi yeyote. Habu nyingi za nyuma za baiskeli za milimani hutumia gololi za robo inchi, tisa kila upande, 18 zote. Za mbele hutumia gololi za tatu ya kumi na sita ya inchi, kumi kila upande. Zikilika, badilisha zote kwa pamoja. Gololi mpya ikikaa na za zamani hubeba mzigo peke yake, kwa kuwa ni kubwa kwa unywele mmoja, na huliwa kabla ya wiki kuisha. Koni nayo ni ya bei ndogo. Kazi nzima inahitaji spana nyembamba, kwa kawaida namba 15 kwa koni ya nyuma na 13 kwa ya mbele, na mafundi wasiozipata hukwangua spana ya kawaida hadi iwe bapa.

Udhaifu wa habu hii ni kwamba inataka kuangaliwa. Koni ikilegea, gololi zinagonga. Ikikazwa kupita kiasi, zinachimba. Na mwenye baiskeli akichelewa, ubovu unahama kutoka kwenye koni kwenda kwenye kikombe, na kikombe, kama tulivyosema, hakina spea.

Beringi ya kufungwa haiombi uangalizi, na siku ya kufa haiondoki na habu. Inachotaka ni duka. Uzuri ni kwamba beringi hizi hazikubuniwa kwa ajili ya baiskeli. Zinatumika kwenye mota na mashine za kila aina, na namba zake ni zile zile dunia nzima. Namba hiyo unaweza kuisoma mwenyewe. Tarakimu mbili za mwisho ndizo tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni milimita 12, 02 ni milimita 15, 03 ni milimita 17. Basi 6001 inaingia kwenye ekseli ya milimita 12, na 6902 kwenye ya milimita 15. Kisha tazama herufi zinazofuata. 2RS maana yake ina mpira pande zote mbili, unaozuia maji. ZZ maana yake ina vifuniko vya bati. Vinazuia vumbi kiasi, maji havizuii. Kwa barabara zetu, muuzaji akikupa ZZ mwambie atafute tena.

Ekseli ya habu hizi mara nyingi ni nene, milimita 12, 15 hata 17, na tumeshaona unene unavyolipa. Lakini beringi hung'olewa kwa kugongwa, na tundu la aluminiamu likigongwa mara kwa mara na fundi mwenye haraka hupanuka. Beringi inayocheza ndani ya tundu lake haina matibabu ya kudumu.

Hukumu yangu ni hii. Anayeishi Bujumbura, anayeweza kufika Buyenzi, kwenye magereji na spea, akataja namba na kuondoka nayo, achukue beringi ya kufungwa kama pesa inaruhusu. Anayeishi Bugarama, ambaye kushuka Rumonge ni safari na Bujumbura ni siku nzima, achukue habu ya kaseti yenye gololi za kumimina, awe na koni za akiba, na aifungue kabla haijalia.

Kwa ufupi hadi hapa

- Mahali gololi za kulia zilipokaa ni muhimu kuliko tundu la ekseli.
- Kaseti kwa mwenye gia. Habu halisi ya meno mamoja kwa asiye na gia.
- Gololi za kumimina kwa aliye mbali na duka. Beringi ya kufungwa, 2RS, kwa aliye karibu nalo.

Maji, mchanga na mawese

Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo hatuna chumvi inayokula vyuma vya watu wa Mombasa au Zanzibar. Tuna mchanga. Mvua zinashusha udongo wa mlimani hadi barabarani, na mwaka 2024 ziwa lilipofurika, maji yaliingia hadi mitaa ya pwani. Gurudumu likizama hadi kwenye habu, hili ndilo linalotokea: habu iliyokuwa kwenye mwendo ina joto, hewa ya ndani imetanuka, inapopozwa ghafla na maji, hewa ile inasinyaa na kuvuta maji kupitia upenyo wowote. Ndiyo maana habu iliyovuka dimbwi refu huanza kusaga siku kadhaa baadaye, wakati mwenyewe ameshasahau dimbwi.

Kinachozuia ni sili, ile pete ya mpira kwenye midomo ya habu. Dukani, izungushe ekseli kwa vidole na utazame pale inapotokeza. Ukiona mdomo wa mpira unaogusa koni kwa wororo, vizuri. Ukiona kifuniko cha bati chenye mwanya unaoweza kupitisha ukucha, ujue unanunua mlango ulio wazi.

Kuhusu mawese, yanapodondoka kutoka kwenye vidumu huingia sehemu mbili. Kwenye rimu yanaua breki, na hilo kila mnyonzi analijua. Kwenye habu yanafanya ubaya wa polepole: yanachanganyika na grisi, yanaifanya nyepesi, inatoka, halafu yenyewe yanaganda na kushika vumbi. Usimruhusu mtu akudondoshee mafuta ya kupikia kwenye habu inayolia eti ni dawa ya haraka. Kelele itanyamaza kwa siku moja, lakini grisi haitarudi. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, jaza grisi ya magari. Grisi nyingi haidhuru. Itakayozidi itatoka yenyewe na kubaki midomoni, nayo ni sili ya bure.

Habu zilizoungua California

Historia ya baiskeli ya milimani ina habu ndani yake. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa Marin County, California, walianza kushindana kushuka mlima mmoja karibu na Fairfax kwa baiskeli za zamani nzito. Njia ilikuwa na urefu wa zaidi kidogo ya kilomita tatu na ilishuka karibu mita 400. Breki zao zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, zile za kukanyaga kinyumenyume. Kufika chini, habu ilikuwa ya moto kiasi kwamba grisi ilitoka moshi, na kila mshindani alilazimika kuifungua na kuipaka upya. Mashindano yakaitwa Repack kwa ajili ya kazi hiyo ya kupaka. Mmoja wa mafundi waliokuja kutengeneza fremu za kundi hilo, Tom Ritchey, alifika Rwanda mwaka 2005, na kutokana na ziara hiyo zikaundwa baiskeli ndefu za kubebea kahawa.

Nalitaja hili kwa sababu breki ya ndani ya habu bado inauzwa, na ina wapenzi wake. Baiskeli za Buffalo za shirika la World Bicycle Relief, zinazotumika Kenya, Malawi na Zambia, zilijengwa nayo: haitaki kebo, hailowi, haijali mawese kwenye rimu. Kwenye tambarare ni kitu kizuri mno. Lakini Bugarama inashuka zaidi ya walivyoshuka vijana wa Fairfax, na baiskeli ina vidumu vinne nyuma. Breki ya aina hiyo peke yake, kwenye mteremko huo, siipendekezi. Na kama unayo, weka ya mkono mbele, na habu ya nyuma ifunguliwe mara nyingi kuliko unavyodhani.

Matundu, mashavu na spoku

Hesabu matundu ya spoku. Baiskeli za Kiingereza za zamani ziliwekwa spoku 32 mbele na 40 nyuma, na waliozibuni walijua mzigo hukaa wapi. Za milimani huwa na 32 au 36. Kwa mzigo chukua 36, na hakikisha rimu yako ina idadi ile ile. Habu za matundu 28 na 24 ni za mashindano, ziache.

Shavu la habu, ile sahani yenye matundu, nalo lina siri. Spoku ina kiwiko kilichokunjwa kwa ajili ya shavu lenye unene wa kama milimita tatu. Habu za bei ya chini kabisa zina mashavu ya bati jembamba. Kiwiko kinabaki hewani, kinachezacheza, kinakatika. Watu hulaumu spoku na kununua nyingine nene zaidi. Fundi anayejua huvika washa ndogo chini ya kichwa cha kila spoku ili kiwiko kikae, na tatizo linaisha kwa gharama ya washa.

Jambo la mwisho kuhusu spoku linagusa mfuko. Habu mpya ikiwa na mashavu makubwa au madogo kuliko ya zamani, spoku zako hazitatosha. Utanunua 36 nyingine. Nenda dukani na habu ya zamani mkononi, uzipime shavu kwa shavu.

Bei na thamani

Tuseme habu ya chini inauzwa faranga 30,000 na nzuri 90,000. Hizi ni namba za kubuni, weka za kwako. Kusuka gurudumu upya na kufidia spoku kadhaa ni 25,000 kila mara. Ikiwa ndani ya miaka miwili umenunua habu ya chini mara tatu, umetoa 165,000. Kwa habu nzuri umetoa 90,000, kusuka mara moja 25,000, na koni na gololi mara mbili kwa 10,000 kila mara: 135,000. Tofauti si kubwa sana, na hapo sijahesabu siku ambazo baiskeli ilikaa kwa fundi huku mawese yakisubiri. Lakini geuza hesabu: ikiwa habu nzuri haifunguki, au koni zake hazipatikani, unanunua ya 90,000 mara mbili, na ya chini imeshinda.

Kwa majina: kwenye gololi za kumimina, ngazi za Alivio na Deore za Shimano ndipo bei na uimara vinapokutana, za chini yake zinafaa kwa asiyebeba mzigo. Kwenye beringi za kufungwa, Novatec na Formula za Taiwan hufanya kazi ya heshima. DT Swiss, Hope ya Uingereza na Chris King ya Marekani ni habu za ajabu kweli, lakini thamani ya moja inaweza kukaribia ya baiskeli yenyewe, na mwizi naye anasoma.

Mimi ningetafuta kwanza kwenye mtumba. Habu ya Deore ya miaka ya 1990, iliyoletwa na baiskeli iliyolala kwenye gereji ya Mbelgiji, mara nyingi imetembea kidogo kuliko inavyoonekana. Sharti ni moja: ifunguliwe mbele yako kabla hujalipa. Futa grisi kwenye kikombe kwa kitambaa, geuza uso wake kwenye mwanga wa jua. Mstari mmoja unaong'aa kuzunguka kikombe ni njia ya gololi, ni afya. Pitisha ncha ya kalamu juu yake taratibu. Ikiteleza bila kukwama, nunua. Ikikwama hata mahali pamoja, kuna shimo, irudishe. Koni yenye mashimo isikutishe, hiyo ni ya kubadilisha. Ila uliza kwanza kama koni ya modeli hiyo inapatikana, kwa kuwa hesi hufanana lakini uso na sili hutofautiana.

Ukiwa kaunta

Pima upana wa habu kati ya nati mbili zinazogusa fremu. Baiskeli nyingi za milimani za zamani na za bei ya kati zinataka milimita 135 nyuma na 100 mbele. Mpya za bei kubwa zina 142 au 148 na ekseli nene ya kuchomeka. Hazibadilishani na hizo, hata muuzaji akiapa.

Zungusha ekseli kwa vidole viwili, polepole. Habu mpya ya bei ya chini mara nyingi imekazwa kupita kiasi na kupakwa grisi ya kuonja, kwa hiyo usishangae ikigoma. Hiyo siyo sababu ya kuikataa ikiwa vikombe ni safi. Mpe fundi aifungue, aijaze grisi na kuirekebisha kabla haijabeba hata kidumu kimoja. Ikiwa ni ya wenzo wa mkono, koni iachwe na mchezo mdogo unaohisika: wenzo ukifungwa huibana ekseli na mchezo unakwisha. Ikirekebishwa bila mchezo mezani, itakuwa imebana barabarani.

Na kabla hujafunga mkoba, omba koni mbili za ziada za modeli ile ile, kushoto na kulia, na gololi 18 za robo inchi. Zizamishe kwenye grisi ndani ya kopo dogo lenye kifuniko, uliweke nyumbani huko juu, mahali ambapo watoto hawatazichukua kuchezea.